Mafuta ya Ng'ombe Hukaa Wapi: Mbegu, Umri na Kiangazi Chetu

Mazungumzo na wafugaji na familia zao, Haydom



Leo hatutazungumza juu ya chanjo wala kuogesha. Tutazungumza juu ya mafuta ya ng'ombe: yanaanza kujengeka lini, yanakaa sehemu gani ya mwili, na kwa nini ng'ombe wa mbegu moja hunona mapema wakati mwenzake wa mbegu nyingine, mkiwalisha sawasawa, hubaki mbavu nje. Jambo hili linagusa maamuzi mawili ambayo kila boma hufanya: nani auzwe kabla kiangazi hakijakaza, na dume gani apande majike. Ukiamua vibaya mwezi wa tano, hasara huioni siku hiyo. Unaiona mwezi wa kumi, nyasi zimekwisha, ada ya shule inadaiwa, na ng'ombe uliyekuwa ukimtegemea hainuki bila kushikwa mkia.

Tuchukue maksai wawili wa umri wa miaka mitatu. Mmoja ni zebu wetu wa huku, mwenye nundu na pembe fupi. Mwingine ni chotara, baba yake Friesian. Wote wana kilo 250. Mkiwapeleka mnadani, mnunuzi mzoefu hatawatazama tu kwa macho. Atabonyeza shina la mkia, atapitisha mkono juu ya kiuno, atashika kidari. Kisha atatoa bei nzuri kwa zebu na kumpunguza chotara, ingawa uzito ni ule ule na chotara ndiye mrefu zaidi. Mwenye chotara ataona ameonewa. Hakuonewa. Zebu wa kilo 250 amekaribia ukubwa wake wa mwisho, kwa hiyo sehemu ya chakula anachokula sasa inageuka kuwa mafuta. Chotara wa kilo 250 bado ni kijana. Mwili wake ungali unajenga mfupa na nyama, na mafuta machache aliyonayo yamejificha ndani, kwenye figo na matumbo, mahali ambapo mkono wa mnunuzi haufiki.

Mwili wa mnyama hujengwa kwa zamu. Mtaalamu mmoja wa Cambridge, Uingereza, John Hammond, alilieleza jambo hili vizuri katika miaka ya 1930 akianzia kwa kondoo, na ng'ombe hufuata utaratibu huo huo. Kichwa na mifupa hutangulia, nyama hufuata, mafuta huja mwisho. Ndiyo maana ndama mchanga ni miguu na kichwa, ndama wa mwaka mmoja anaanza kujaa mapaja, na mnyama mkomavu ndiye anayenona. Chakula kikiwa kidogo, aliye nyuma kwenye foleni ndiye anayekosa. Mfupa utaendelea kukua kidogo hata wakati wa shida, nyama itasimama, mafuta hayatajengeka kabisa.

Hata mafuta yenyewe yana foleni yake. Ya kwanza kushika kasi ni ya ndani: yanayozunguka figo, na ule utando unaofunika matumbo ambao akina mama wanaujua vizuri kwa kuuyeyusha jikoni. Yanafuata yale yanayokaa kati ya msuli na msuli. Halafu mafuta ya chini ya ngozi, yale unayoyagusa kwenye kiuno, mbavu, shina la mkia na kidari. Ya mwisho kabisa ni yale yanayoingia ndani ya mnofu wenyewe kama nyuzi nyeupe, ambayo hoteli kubwa huyalipia sana. Si kwamba moja linamaliza ndipo lingine lianze. Yote yanaendelea kwa pamoja, ila kila moja lina wakati wake wa kukimbia. Mwenye bucha anayechinja kila siku anajua hili bila kusomeshwa: anaweza kukuta figo zimezama kwenye mafuta, lakini mgongoni kisu kinapita kwenye utando mwembamba kama karatasi.

Sasa mbegu. Jambo la kwanza la kuangalia ni ukubwa wa mwisho wa mbegu hiyo. Jike mkubwa wa zebu wetu wa Tanzania mara nyingi huwa kati ya kilo 200 na 300. Jike wa Boran hufika 350 hadi 450, na waliotunzwa vizuri huzidi. Jike wa Friesian hupita 550. Dume wa Charolais wa Ufaransa hupita kilo 1,000. Mnyama huanza kujaza mafuta kwa nguvu anapokaribia ukubwa wa mbegu yake, si anapofikia kilo fulani zilizo sawa kwa wote. Kwa hiyo zebu hunona akiwa na uzito mdogo, Boran akiwa na uzito wa kati, na mbegu kubwa za Ulaya akiwa na uzito ambao kwa malisho yetu ya mwezi wa tisa hataufikia milele.

Hata Ulaya kwenyewe wametofautiana. Angus wa Uskoti na Hereford wa Uingereza ni wanyama wanaokomaa mapema. Hunona wakiwa wadogo, na Angus huweka mafuta mengi ndani ya mnofu. Charolais, Simmental na Limousin huchelewa. Hujaza nyama kwanza kwa muda mrefu. Kule wana nafaka ya kuwalisha hadi wafike. Sisi tuna pumba, mabua na nyasi za Mungu. Mtu akikuonyesha picha ya dume mkubwa mwenye mapaja kama magunia, mwulize kwanza huyo alikula nini.

Jambo la pili ni mahali mafuta yanapokaa. Ng'ombe wa maziwa, yaani Friesian, Ayrshire na Jersey, huweka sehemu kubwa ya mafuta yao ndani ya tumbo na kwenye figo, na sehemu ndogo chini ya ngozi. Mbegu za nyama huweka zaidi nje. Kwa mfugaji hii ina maana mbili. Kwanza, chotara wa maziwa anaweza kuonekana amekonda na bado akawa na akiba kidogo ndani, kwa hiyo usimhukumu kwa mbavu peke yake. Pili, ukimnenepesha dume chotara kwa pumba za kununua, sehemu ya fedha yako inakwenda kwenye mafuta ya matumbo ambayo mnunuzi wa mnyama mzima haoni na hakulipi.

Kwa zebu, nundu nayo inasema kitu. Watu wengi hudhani nundu ni mfuko wa mafuta mtupu. Sivyo. Nundu ya ng'ombe wetu ni msuli, wenye mafuta yaliyochanganyika ndani yake. Mnyama akishiba miezi kadhaa, nundu husimama na kujaa. Akishinda njaa muda mrefu, hunywea na kulala upande.

Kuhusu rangi, niseme kwa ufupi kwa sababu huleta ugomvi machinjioni. Mafuta ya Jersey na chotara wake huwa ya njano, hasa mnyama akila majani mabichi. Ni rangi inayotoka kwenye majani, si ugonjwa, na nyama ni nzuri. Lakini unjano unaoonekana pia kwenye weupe wa jicho na kwenye fizi ni dalili ya maradhi. Mnyama wa namna hiyo asichinjwe kienyeji. Mkaguzi wa nyama aitwe.

Tuje kwenye kiangazi, kwa sababu hapo ndipo mafuta yanapokuwa uhai wenyewe. Huku kwetu mvua huisha mwezi wa tano, na kuanzia wa sita hadi wa kumi, wakati mwingine hadi wa kumi na moja, ng'ombe anaishi kwa nyasi kavu, mabua, na kile alichoweka mwilini. Kilo moja ya mafuta hubeba nguvu zaidi ya mara tano ya ile inayobebwa na kilo moja ya mnofu mtupu, kwa sababu mnofu sehemu kubwa ni maji. Ng'ombe anayeingia mwezi wa sita akiwa na mafuta ni kama kaya inayoingia kiangazi ghala likiwa limejaa.

Mnyama akianza kula akiba yake, mafuta ya nje hupungua mapema. Mbavu zinaonekana, shina la mkia linakuwa shimo. Ya ndani nayo yanafuata, pamoja na yale ya kwenye moyo. La mwisho kuguswa ni lile la ndani ya mfupa, yaani uboho. Wale waliopasua mfupa wa paja wa ng'ombe aliyekufa kwa njaa wanajua: badala ya uboho mweupe na mgumu unakuta kitu chekundu, chepesi, kinachotikisika kama uji uliopoa. Mnyama akifika hapo, gunia la pumba halimrudishi. Mlio na umri mnakumbuka ukame wa 2008 na 2009 ulivyosafisha maboma ya Monduli, Longido na Ngorongoro. Mwaka 2022 Simanjiro, ndani ya mkoa wetu huu huu wa Manyara, mizoga ilitapakaa porini.

Katika miaka kama hiyo mbegu hazifi kwa usawa. Zebu mdogo ana mambo mawili yanayomwokoa. Mwili wake ni mdogo, kwa hiyo chakula cha kumweka hai tu ni kidogo. Na anapokosa chakula, hufunga maziwa mapema. Hulinda mwili wake kwanza. Chotara wa maziwa amechaguliwa kwa vizazi vingi afanye kinyume. Akizaa, huyeyusha mafuta yake na kuyatoa kwenye chuchu, hata kama mbavu zinahesabika. Akina mama mnaokamua mnalifahamu hili: zebu anakauka mwezi wa nane na mnamlalamikia, chotara anaendelea kutoa na mnamsifu, kisha mwezi wa kumi chotara ndiye anayelala chini. Ukiwa na chotara anayenyonyesha na malisho yamekwisha, kumkausha mapema ni kumwachia ile akiba kidogo iliyobaki. Nyumba itakosa kikombe cha chai ya maziwa kwa wiki kadhaa. Ni uchungu, hasa kwa watoto, lakini ng'ombe mzima ana maziwa ya miaka mingi ijayo.

Jike aliyekonda sana pia hapati joto. Mfupa hauna shida, kizazi hakina shida, lakini mwili usio na akiba haukubali mimba. Wengi humwita tasa na kumuuza kwa bei ya kutupa, akafike kwa mtu mwingine, ale miezi mitatu, ashike mimba. Kabla hujamwita tasa, shika kiuno chake.

Hivyo basi, nani auzwe mwezi wa tano na wa sita, wanyama wakiwa bado wanang'aa? Mimi nawashauri muanze na maksai wa zebu waliokwisha kukomaa na kunona. Hapa wazee wengine hunikatalia, maana maksai mnono ni heshima ya boma na ni yule wa kuchinja kwenye sherehe. Mbakizeni mmoja wa heshima. Waliobaki wamefika mwisho wa foleni. Hawana nyama mpya ya kuongeza, wanaweka mafuta tu, na mafuta hayo watayayeyusha kuanzia mwezi wa nane. Ukimweka hadi wa kumi unamlisha miezi minne ili umuuze akiwa mwepesi kuliko leo. Halafu uza majike wazee wenye meno yaliyochakaa, kwa sababu hawatafuni nyasi kavu vizuri. Madume chotara ambao bado wanakua ni habari nyingine: mwezi wa tano hawajanona, mnunuzi anawadharau, lakini kiangazi kitawaadhibu kuliko wote kwa sababu ya ukubwa wao. Kama una mabua ya mahindi ya kutosha uliyokusanya, waweke. Kama huna, wauze hata kwa bei isiyokufurahisha.

Umri msiukadirie kwa pembe. Fungua mdomo. Meno mawili makubwa ya mbele humaanisha miaka miwili hivi au miwili na nusu. Manne, karibu mitatu. Sita, mitatu na nusu au zaidi. Manane, minne kwenda mitano. Zebu huchelewa kidogo kuliko chotara. Zebu mwenye meno manne hadi sita ndiye yuko tayari kunoneshwa. Chotara mkubwa mwenye meno mawili bado anajenga fremu.

Na jinsia? Mtamba hunona mapema kuliko maksai wa umri wake, na maksai hunona mapema kuliko fahali. Fahali huweka nyama nyingi na mafuta machache. Kwa hiyo kuhasi si suala la upole peke yake. Dume anayehasiwa mapema atanona akiwa mdogo, na utaona donge laini la mafuta pale palipokuwa na kende. Wanunuzi hulishika hilo.

Kuna vijana wameanza biashara ya kununua ng'ombe waliokonda na kuwanenepesha kwa miezi mitatu. Ni biashara nzuri, na eneo letu lina bahati. Alizeti inalimwa kote hapa hadi Singida, mashudu yanapatikana kwenye mashine za kukamua. Pumba za mahindi zipo. Upande wa Basotu kuna mabua ya ngano baada ya mavuno. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo wamewalisha madume wa zebu kwa molasi, mahindi na mabaki ya nafaka, wakaonyesha kwamba zebu wetu si mvivu wa kukua. Alikuwa na njaa tu. Akilishwa vizuri, huongeza karibu nusu kilo hadi robo tatu ya kilo kwa siku.

Siri ya biashara hii iko kwenye ile foleni. Mnyama aliyezuiwa na njaa, lakini mzima na mwenye umri mzuri, akipata chakula hukimbia kulipa deni. Wiki za kwanza anajaza nyama na matumbo, na nyama ina maji mengi, kwa hiyo kilo zinapanda haraka kwa chakula kidogo. Baadaye anageukia mafuta, na kila kilo mpya inadai chakula kingi zaidi. Tuseme maksai wako anakula chakula cha kununua cha shilingi 1,600 kwa siku, na kilo ya ng'ombe hai mnadani ni shilingi 4,000. Hizi ni namba za mfano, weka za kwako. Mwezi wa kwanza anaongeza gramu 600 kwa siku, thamani yake shilingi 2,400. Unabaki na 800. Mwezi wa tatu amepungua hadi gramu 350, thamani yake 1,400. Sasa kila siku unapoteza 200, na ng'ombe anazidi kupendeza machoni. Vijana wengi hupoteza faida yao hapa, wakisubiri anone zaidi. Zebu mdogo hufika hapo mapema, pengine siku ya sitini au sabini. Boran na chotara wa Boran huchukua muda mrefu zaidi na huenda siku tisini zikamlipa. Kama mnada una mizani, pima kila wiki mbili. Kama hakuna mizani, tumia utepe wa kupimia kifua na uandike kwenye daftari.

Pumba na mashudu vianze kidogo kidogo. Chukua wiki mbili kufikia kiasi kamili, na majani makavu yasikosekane. Ng'ombe aliyezoea nyasi tupu ukimwagia debe la pumba siku ya kwanza, tumbo huchacha, na unaweza kumzika kabla hujamnenepesha. Maji safi muda wote, na jiwe la chumvi. Dawa ya minyoo mwanzoni, baada ya kuongea na afisa mifugo wa kata yako.

Nirudi nyuma hadi kwa ndama, maana mafuta ya mwaka wa tatu huanza huko. Mafuta hukaa ndani ya seli, vifuko vidogo visivyoonekana kwa macho. Vifuko hivyo hutengenezwa kwa wingi ndama akiwa bado tumboni na katika miezi ya kwanza ya maisha. Baadaye kazi kubwa ni kuvijaza. Mama aliyeshinda njaa akiwa na mimba, na ndama anayenyimwa maziwa, hutoa mnyama mwenye msuli mdogo na vifuko vichache. Utamlisha akiwa na miaka mitatu na atabaki mdogo. Kwenye maboma mengi mwenye kauli juu ya maziwa ni mama, kwa hiyo nawaambia ninyi akina mama moja kwa moja: mwachieni ndama chuchu moja isiyokamuliwa, zamu kwa zamu, katika miezi mitatu ya kwanza. Ndama dume aliyenyonya vizuri ni sare za shule za baadaye.

Upande wa pili wa jambo hili ni kwa wale wachache wanaofuga mtamba wa maziwa bandani na kumlisha pumba kupita kiasi. Mtamba mdogo akinona sana kabla ya kupevuka, mafuta hujaa kwenye kiwele mahali ambapo vyombo vya maziwa vingejengeka. Atakuwa mzuri wa picha na mbovu wa ndoo.

Sasa dume. Mtu akitaka kubadili mbegu, ana njia mbili: kununua dume, au uhimilishaji. Mbegu za uhimilishaji zinatoka Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji kilichopo Usa River, Arusha, na afisa mifugo anaweza kukuunganisha. Kwa kundi linalokwenda mbali kutafuta majani, lishuke bonde la Yaeda au lielekee Eyasi, maoni yangu ni Boran, au mbegu ya Mpwapwa. Boran alitoka kwa Waborana wa kusini mwa Ethiopia na kaskazini mwa Kenya, wafugaji wa nchi kavu kama sisi. Ana nundu, anatembea, na hunona kwa majani. Mpwapwa ilitengenezwa kituo cha utafiti cha Mpwapwa, Dodoma, kwa kuchanganya Sahiwal na Red Sindhi wa Bara Hindi, zebu wetu, Boran na damu kidogo ya Ulaya, ili itoe maziwa kuliko zebu na bado istahimili ukame. Hawa huongeza ukubwa bila kumpeleka mnyama mbali na uwezo wa malisho yetu. Usilibadili kundi lote kwa mwaka mmoja. Bakiza zebu wa kutosha, kwa sababu mwaka mbaya ukija ndio watakaobaki kuanzisha boma upya.

Mbegu ya Friesian au Ayrshire iwe kwa jike mmoja au wawili wanaobaki karibu na nyumba, wenye mabua yaliyohifadhiwa na mtu wa kuwakatia majani. Simmental au mbegu nyingine kubwa usimpandishie mtamba mdogo wa zebu. Ndama hukwama njiani, na unaweza kupoteza mama na mtoto usiku mmoja.

Kabla hatujaachana, tufundishe mikono. Mweke ng'ombe mahali tambarare, asubuhi kabla hajala na kunywa, ili tumbo lisikudanganye. Simama nyuma yake kidogo kushoto. Weka kiganja kwenye kiuno, kati ya mbavu ya mwisho na nyonga, vidole vikielekea mgongoni, na ubonyeze ncha za mifupa mifupi iliyopo pale. Kama ncha zinachoma kama vidole vyako mwenyewe ukikunja ngumi, hana akiba. Kama unazisikia lakini zimezunguka, ana akiba ya wastani. Kama inabidi ubonyeze kwa nguvu ndipo uzisikie, amenona. Kisha shika pande mbili za shina la mkia: shimo, tambarare, au donge laini. Mwisho shika kidari kwa ngumi. Kwa zebu, kiuno na mkia vinakwambia karibu kila kitu. Kwa chotara wa maziwa, ongeza daraja moja dogo kichwani mwako kwa sababu ya yale ya ndani, lakini usiongeze mawili.

Fanyeni hivyo mara tatu kwa mwaka: mvua zikiisha, katikati ya kiangazi mwezi wa nane, na mwezi mmoja kabla jike hajazaa. Mfundisheni mtoto anayechunga. Yeye ndiye anayewagusa kila siku. Na mkimkuta mnyama anayekula vizuri, malisho yapo, wenzake wamenona, na yeye mifupa inachoma, hilo si suala la mbegu. Angalieni kama taya limevimba chini, kama kinyesi ni chepesi, kama fizi ni nyeupe. Huyo ana minyoo au ana ugonjwa wa muda mrefu, na dawa yake haipo kwenye gunia la pumba. Mleteni josho siku ya kuogesha, au mniite nije nimwone.